Shida iliyowapa nia ndiyo inayowanyima alama: barua ya wazi kutoka Micheweni

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, Mheshimiwa Waziri wa Elimu na Mafunzo ya Amali, uongozi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar.

Waheshimiwa, assalaam alaykum.

Nasomesha Baiolojia katika skuli ya sekondari Wilaya ya Micheweni, kaskazini mwa Pemba. Nakuandikieni hadharani kwa sababu jambo ninalolileta linagusa afisi zenu zote nne, na hakuna hata moja inayoweza kulimaliza peke yake. Jambo lenyewe ni hili: watoto wenye sababu nzito kuliko wenzao ya kutaka udaktari ndio wanaoukosa, na wanaukosa kwa sababu ile ile iliyowafanya wautake.

Kila mwaka, wanafunzi wanapoanza mchepuo wa sayansi, huwauliza wanataka kuwa nani. Wanaosema daktari hawakosekani. Huwauliza tena, kwa nini? Wapo wanaotaja mshahara, wapo wanaosema baba kataka hivyo, nami siwalaumu. Lakini majibu mengi ni habari za nyumbani. Mama alitokwa na damu baada ya kujifungua, na gari lilipofika kulikuwa kumeshakucha. Bibi ana kisukari, kidonda cha mguuni kikapuuzwa mpaka mguu ukakatwa. Kijana mmoja aliyetoka katika visiwa vyetu vidogo alisema aliona mjamzito akiwekwa kwenye mashua, chupa imeshapasuka, na watu wazima wamesimama pwani wanangoja maji yajae ili mashua iondoke. Alikuwa na umri wa miaka kama tisa. Hakuna aliyemwambia yaliyotokea baadaye, na mpaka leo anataka kujua.

Wapo pia waliokojoa damu wenyewe. Kichocho cha mkojo kimekaa na sisi Wapemba muda mrefu mno. Kimelea chake hutoka kwa konokono wa maji baridi, kikapenya ngozi ya mtoto anayeoga au kufua mtoni, kikakua na kutaga mayai katika mishipa ya kibofu. Mtoto huona damu mwisho wa mkojo na akaona haya kumwambia mtu. Wataalamu wa Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri ya Wawi, iliyofunguliwa mwaka 2000, wamefanya kazi kubwa ya kupima watoto wetu maskulini. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuonyeshwa yai la kichocho kwenye darubini, lile lenye mwiba nchani. Aliniambia kwamba siku hiyo ndipo alipojua kuwa kitu kilichokuwa kikimtia haya kina umbo, kina jina na kina dawa. Tangu hapo hakuna swali la vimelea ambalo hakuliuliza darasani.

Mmoja nitamweleza kwa urefu, kwa ruhusa yake na ya mama yake, bila ya kumtaja jina.

Mdogo wake wa kiume ana selimundu, ugonjwa wa chembe za damu. Kwa miaka nyumbani hawakujua ni nini. Mtoto alilia mifupa usiku, mikono na miguu ikavimba, macho yakawa manjano, na kila mtu alikuwa na tafsiri yake. Walikwenda kwa waganga, wakatoa walivyotakiwa kutoa. Mawifi wakamgeukia mama: nyumbani kwenu kuna kitu umetuletea. Alipopimwa damu ndipo ugonjwa ukajulikana, lakini lawama hazikuondoka, maana hakuna aliyekaa na familia akaeleza umetoka wapi.

Siku niliyochora ubaoni jedwali la urithi, baba mwenye kijeni kimoja cha ugonjwa na mama mwenye kimoja, huku wote wawili ni wazima, nikaonyesha kwamba katika kila mimba uwezekano wa kupata mtoto mgonjwa ni mmoja kati ya minne, msichana huyu alinyanyua mkono. Akaniuliza, "Maalim, kwa hivyo hakuna aliyemroga?" Darasa zima lilinyamaza. Nikamwambia hakuna. Akauliza tena, "Na si kosa la mama?" Nikamwambia si kosa la mama, wala la baba. Jioni ile alikwenda nyumbani na daftari, akamchorea mama yake jedwali lile lile, kisha akamchorea shangazi yake mkubwa. Mama alinijia skuli wiki hiyo. Hakuja kulalamika. Alikuja kuniuliza kama ni kweli, aisikie kwa mtu mzima.

Baadaye nilikuja kujua kwamba msichana alikuwa na daftari jengine. Ndani yake alikuwa akiandika kila mdogo wake aliposhikwa na maumivu: tarehe, saa, alikunywa maji kiasi gani siku hiyo, alikuwa na homa au la, palikuwa na baridi ya kipupwe au jua kali, alipewa dawa gani na ilichukua muda gani kumtuliza. Daktari mmoja wa wodi alilisoma, akauliza nani kaandika. Alipoambiwa ni huyu mtoto wa skuli, alikaa naye akamweleza habari za haidroksiyurea inayopunguza makali ya ugonjwa, na kwa nini watoto wadogo wenye selimundu hulindwa kwa penisilini na chanjo. Msichana huyo ndiye aliyekuja kunisomesha mimi habari hizo. Katika kazi yangu sijaona mwanafunzi aliyekaribia udaktari kuliko huyu, na hakuwa amevuka hata kidato cha tano.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Mtoto akilazwa, lazima awepo mtu wa kumuuguza: wa kumpa maji, kumgeuza, kumwita muuguzi, kufuata dawa. Baba yao ni mvuvi, na wakati wa dago, kambi ya wavuvi, huwa yuko mbali. Mama ana wadogo wengine nyumbani. Kwa hivyo anayekaa kitandani ni dada. Kila mdogo wake alipolazwa, dada alikosa skuli, na alipotoka wodini alikuta wenzake wameshafika mbali. Baiolojia aliweza kuisoma mwenyewe kwa sababu ilikuwa ndiyo maisha yake. Kemia aliikimbilia, akaipata. Fizikia haisomeki peke yako pembeni ya kitanda cha mgonjwa. Inataka mwalimu, inataka majaribio ya vitendo, inataka mtu wa kukuonyesha ulipokosea. Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka, Baiolojia alikuwa na A, Kemia C, Fizikia E. Kwa E ya Fizikia hapokelewi kusomea udaktari. Sasa yuko nyumbani. Msimu wa karafuu anachambua karafuu na wenziwe, na daftari la mdogo wake bado analiandika.

Yeyote aliyeitazama karatasi ile ya matokeo aliona msichana dhaifu wa Fizikia. Karatasi haina pahala pa kuandika kwamba saa alizokosa Fizikia alikuwa akifanya kazi ya hospitali bila ya malipo.

Nisieleweke kwamba naisifu shida. Nimechoka na maneno yanayosikika sana kwenye mahafali, kwamba umasikini na maradhi humkomaza mtu. Nimeona wengi ambao shida haikuwakomaza, iliwavunja. Wapo waliofiwa na mama wakaacha skuli kulea wadogo zao, na hakuna anayewataja kwa sababu hawakufika popote. Anayefika hushangiliwa, tukasahau kuuliza wenziwe wangapi walikuwa na akili kama yake. Waarabu wa zamani na wazee wetu wote wamesisitiza subira, nami nasubiri pamoja na wazazi hawa, lakini subira ni ya mgonjwa. Mwenye mamlaka anatakiwa atende.

Hata hivyo nia inayozaliwa na maumivu ni kitu cha kweli. Daktari Denis Mukwege, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, alizaliwa mwaka 1955 Bukavu, mashariki ya Kongo, mji ambao Kiswahili ni lugha ya mitaani kama huku kwetu. Amesimulia mara nyingi kwamba alipokuwa mtoto alifuatana na baba yake, aliyekuwa mchungaji, kwenda kumwombea mtoto mgonjwa. Akamuuliza baba kwa nini anaomba tu, hatoi dawa. Baba akamjibu kwamba yeye si daktari. Mtoto akaamua kwamba atakuwa yeye. Miaka mingi baadaye amewatibu maelfu ya wanawake waliojeruhiwa vitani. Lakini pakumbukwe kwamba kati ya uamuzi wa mtoto yule na chumba cha upasuaji palikuwa na skuli, chuo, ada na watu waliofungua milango. Uamuzi peke yake haumtibu mtu.

Basi naomba milango.

Kwanza, mwaka wa maandalizi. Chuo Kikuu cha Taifa kina kampasi Mchanga Mdogo, hapa hapa Pemba. Naomba pawepo mwaka mmoja wa kusoma Fizikia, Kemia na Baiolojia upya, kwa walimu na maabara ya kweli, kwa vijana waliokaribia sharti la udaktari wakalikosa kwa sababu inayothibitika. Ithibitishwe na nani? Na mkuu wa kituo cha afya, na sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, na wahudumu wa kujitolea wa Jamii ni Afya wanaoingia nyumba kwa nyumba na wanaojua kila familia inamuuguza nani. Hawa hawadanganyiki. Mwenye kumaliza mwaka huo arudie mtihani ule ule wa taifa, akipata aingie, asipopata aelekezwe uuguzi, ukunga au maabara, kazi ambazo nazo zinataka watu wenye moyo kama huu na si za daraja la pili.

Najua litakalosemwa: tunashusha kiwango, tutaletewa madaktari dhaifu. Hapana. Sharti la kuingia linabaki, miaka mitano ya chuo inabaki, mwaka wa utarajali, wa mazoezi ya kazi hospitalini, unabaki, na baraza linalosajili madaktari linabaki na vigezo vyake. Ninachoomba kibadilike ni kile kinachotokea kabla ya mlango, ambapo mtoto mmoja amesoma Fizikia katika skuli yenye walimu watatu wa somo hilo na mwenzake amesoma akigawana mwalimu mmoja na madarasa yote, tena akikosa vipindi kwa kuuguza.

Wala si jambo la kubuni. Kimbunga Georges na kimbunga Mitch vilipoziharibu nchi za Karibiani na Amerika ya Kati mwaka 1998, Cuba ilifungua skuli ya udaktari ya Amerika ya Kilatini mjini Havana mwaka uliofuata, ikawasomesha bure vijana wa familia masikini kwa ahadi ya kurudi kwao. Ilijua kwamba wengi wao wamesoma katika skuli duni, kwa hivyo ikaweka masomo ya maandalizi kabla ya udaktari wenyewe. Cuba hatuijui kwa mbali. Mwaka 2007 ilianza kutusomeshea madaktari hapa hapa Unguja kupitia Chuo cha Matanzas, na wa mwanzo wakahitimu mwaka 2013. Kwa hivyo tumeshawahi kuthubutu.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Ingwavuma, kijijini kaskazini mwa KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, karibu na mipaka ya Eswatini na Msumbiji. Hospitali yao ya Mosvold ilikuwa ikitangaza nafasi za kazi na watu hawaji, au wanakuja wakaondoka. Mwaka 1999 wakaamua kuwatafuta watakaokuja miongoni mwa watoto wa pale pale. Anayetaka kufadhiliwa hufanya kwanza kazi ya kujitolea hospitalini, akaona damu, akaona msiba, akajua kama kweli anaitaka. Wenyeji hushiriki katika kumchagua. Akiwa chuoni hupata mlezi wa kumfuatilia, siyo ada peke yake. Akimaliza hurudi kufanya kazi mwaka kwa mwaka: kila mwaka aliolipiwa, mwaka mmoja kwa watu wake. Mpango ulioanza na vijana wachache umetoa mamia ya wataalamu wa afya.

Shirika la Afya Duniani nalo, katika mapendekezo yake ya mwaka 2010 liliyoyapitia upya mwaka 2021, limezishauri nchi zipokee wanafunzi waliotoka vijijini na kuyasogeza mafunzo karibu na vijiji, kwa sababu aliyetoka kijijini ndiye mwenye uwezekano mkubwa zaidi wa kurudi kufanya kazi huko. Pemba ina watu zaidi ya 540,000 kwa sensa ya mwaka 2022. Majengo mazuri tumepata, na tunashukuru kwa dhati. Hospitali ya Abdalla Mzee ya Mkoani ilijengwa upya kwa msaada wa China na kufunguliwa tena mwaka 2016, na za wilaya zimefuata. Majengo yanataka watu ambao hawatahesabu siku za kurudi mjini.

Jambo la pili ni dogo kwa gharama, nami nalitilia mkazo kuliko yote. Tambueni rasmi kwamba wapo wanafunzi wanaouguza. Wizara ya Elimu iziagize skuli ziandike siku za kuuguza kuwa udhuru halali na kumpangia mwanafunzi vipindi vya kufidia, na asihesabiwe mtoro. Wizara ya Afya itenge katika hospitali za Chake Chake, Wete, Mkoani na Micheweni chumba kimoja chenye meza, taa na vitabu vya sekondari, ambapo anayemuuguza nduguye anaweza kukaa saa mbili wakati mgonjwa amelala. Daktari au muuguzi mwenye nafasi apite akamwonyeshe hesabu moja ya Fizikia. Ningekuwa na uwezo ningekijenga chumba hicho kwa mikono yangu.

Na wasichana wapewe dahalia iliyo salama. Msichana anayekaa nyumbani ndiye wa mwanzo kuitwa akiumwa mtu, na wa mwanzo kuozwa mitihani ikiharibika. Kwa huyu suala la dahalia ndilo suala la udaktari.

Kuhusu mkopo sina mengi. Bodi inajua hesabu zake. Naomba tu mtoto wa Makangale au Kojani ahesabiwe na nauli za boti, koti, vifaa na miezi ambayo familia yake itaishi bila ya mikono yake, kisha afungwe na mkataba wa mwaka kwa mwaka kama wale wa Ingwavuma, na akirudi akute nyumba ya kukaa.

Limebaki moja ambalo watu hawapendi kulizungumza. Aliyeingia udaktari kwa sababu ya msiba anaingia na msiba wake. Nina wanafunzi wanaotoka nje ya darasa tukifika mada ya uzazi, kwa sababu mama zao walifia uzazini. Huyo akiwekwa wodi ya wazazi akiwa mwaka wa nne bila ya mtu wa kuzungumza naye, kila mama atakayemwona atakuwa ni mama yake. Ama atalia asiweze kufanya kazi, ama atajifunga moyo asihisi tena, na sijui lipi ni baya zaidi kwa mgonjwa. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na ujuzi huo wa ndani ni hazina kwa daktari, lakini unataka mlezi. Chuo kiwape walezi, watu wazima waliofanya kazi hii miaka mingi, wa kukutana nao kila mwezi kwa mazungumzo yasiyo ya mtihani. Naamini kuna madaktari na wakunga wastaafu Chake Chake na Mjini ambao wakiombwa hawatakataa.

Waheshimiwa, tarehe 23 Septemba 1964 Zanzibar ilitangaza elimu bila ya malipo, na tarehe 3 Machi 1965 ikatangaza matibabu bila ya malipo. Nchi yetu ilikuwa changa na haikuwa na fedha za kutosha kwa lolote kati ya hayo mawili. Wazee waliona kwamba mtoto anahitaji vyote viwili, wakavitangaza ndani ya miezi sita. Watoto ninaowasomesha wamekwama pale elimu na afya zinapokutana, na hapo ndipo ninapowaombeni mkutane na nyinyi.

Matokeo ya kidato cha sita hutoka mwezi wa Julai. Kabla ya hapo naomba jibu la mambo mawili tu: kama Mchanga Mdogo inaweza kupokea japo kundi moja dogo la maandalizi, na kama hospitali moja, yoyote kati ya nne nilizozitaja, itakubali kutoa chumba. Kwa la mwanzo, ninayo orodha ya wanafunzi wangu na barua za vituo vyao vya afya. Kwa la pili, vitabu vya kuanzia nitavileta mimi.

Wabillahi tawfiq.

Mwalimu wa Baiolojia,
Wilaya ya Micheweni, Pemba